"Too" si "sana": mwongozo kamili kwa wanaofanya kazi kwa Kiingereza Mtwara na Lindi

Mwandikie mnunuzi wa nje kwamba korosho zako ni "too dry", ukiwa na nia ya kumwambia zimekauka vizuri sana, na utakuwa umeutia doa mzigo wako mwenyewe. Atakachosoma yeye ni kwamba zimekauka kupita kiasi. Korosho ya namna hiyo huvunjika wakati wa kubangua, na iliyovunjika haipati bei ya korosho nzima. Sentensi yako haina kosa la sarufi, na ndiyo maana hakuna atakayekusahihisha. Mnunuzi atanyamaza, atashusha bei au atatafuta mzigo wa mwingine.

Kosa hili nalisikia Mtwara mjini, Mikindani, Lindi na Kilwa, tena kwa watu wenye Kiingereza kizuri: vijana wanaotembeza wageni, makarani wa maghala, wauguzi, walimu. Chanzo chake si uzembe. Kiswahili kinatumia neno "sana" kwa kazi mbili ambazo Kiingereza kimezitenganisha. Asubuhi ya mvua tunasifu chai kwa kusema ni ya moto sana. Chai hiyo hiyo mtoto akiikimbilia, tunamzuia kwa maneno yale yale: "Acha, ya moto sana!" Aliyepo anaelewa kwa sauti na kwa uso. Kwa Kiingereza ile ya kwanza ni "very hot" na ya pili ni "too hot", na huwezi kuzibadilishana.

Wengine hujaribu kujiokoa kwa kukariri kwamba "very" ni sana na "too" ni mno. Haisaidii, kwa sababu "mno" nalo tunalitumia kusifu: binti mzuri mno, nimefurahi mno, karibuni mno. Ukitafsiri hizo kwa "too", umerudi pale pale. Tafsiri inayokaribia zaidi ni "kupita kiasi", lakini hata hiyo ni ndefu na watu huisahau wakiwa katikati ya mazungumzo. Bora uwe na njia ya kupima.

Hatua ya kwanza: tafuta kinachoshindikana

Ndani ya "too" kuna mpaka uliovukwa, na nyuma ya mpaka huo kuna jambo lililoharibika au lisilowezekana. "Very" haina mpaka, inaongeza ukubwa tu. Kwa hiyo kabla hujaandika "too", jiulize: kwa sababu hiyo, nini kinashindikana?

Bahati nzuri lugha yetu ina chombo kinachofanya kazi hiyo vizuri kuliko maelezo yoyote ya darasani, nacho ni kauli ya kutendeka katika ukanushi. Chai hainyweki. Gunia halibebeki. Barabara haipitiki. Mchuzi hauliki. Bahari imechafuka, haiingiliki. Kila unapoweza kumalizia sentensi yako kwa neno la namna hiyo na likakaa sawasawa, Kiingereza chake ni "too":

Barabara ina tope, haipitiki: "The road is too muddy."
Gunia ni zito, halibebeki: "The sack is too heavy."
Mchuzi umezidi chumvi, hauliki: "The sauce is too salty."

Sasa pima sentensi ya kusifu. Unataka kumwambia mgeni kwamba ufukwe wa Msimbati ni mzuri sana. Malizia: "haukaliki"? "Hautazamiki"? Umeutukana ufukwe. Basi hapo "too beautiful" haiingii. Sema "very beautiful", au "so beautiful" ukitaka moyo wako uonekane.

Kipimo hiki kina upungufu mahali pamoja. Kuna mambo ambayo hatuyasemi kwa kauli ya kutendeka, kama umri, saizi ya nguo au bei. Hapo badilisha swali kidogo: kwa nani, au kwa kazi gani? Shati ni kubwa kwa huyu mtoto, ingawa kwa kaka yake lingemkaa. Ndiyo "too big". Mtoto ni mdogo kwa darasa la kwanza: "too young for Standard One". Usipokuwa na jibu la "kwa nani" wala la "kwa kazi gani", rudi kwenye "very".

Mfano wa kwetu unaoonyesha maneno yote mawili yakifanya kazi kando kwa kando ni Tendaguru, mkoani Lindi. Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale kuanzia 1909 hadi 1913, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi ikapakiwa melini. Mmoja wa wanyama hao sasa amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho la Berlin, na kimo chake ni zaidi ya mita 13. Ukimsimulia mgeni, sema "It was a very big animal". Hapo unaeleza ukubwa tu. Lakini ukifika kwenye safari ya wapagazi, "too" inapata kazi yake halali: "Some of the bones were too heavy for one man to carry." Mfupa mmoja tu wa mguu wa mbele wa mnyama yule unazidi mita 2 kwa urefu, kwa hiyo kwa mtu mmoja haubebeki. Ukisema "The animal was too big" kisha ukanyamaza, mgeni atabaki anasubiri. Mkubwa kwa nini? Aliziba njia? Hakuingia kwenye jumba? Umefungua mlango halafu hukupita.

Mikindani pia kuna mtego wake. Mji ule ni wa kale: Livingstone alianzia safari yake ya mwisho pale mwaka 1866, na boma la Wajerumani lilijengwa 1895. Anayetembeza wageni akisema "This building is too old", wageni huinua macho kuangalia dari. Wamesikia kwamba jengo limechakaa hadi si salama. "Very old" ni sifa, na kwa majengo ya Kilwa Kisiwani, ambako Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11, ndiyo sifa yenyewe iliyowaleta wageni. Wakitaka kupanda juu ya ukuta uliolegea, hapo sasa ndipo useme "too": "The wall is too weak to climb." Wataelewa wasipande.

Hatua ya pili: uone ukanushi uliofichika

Sentensi hiyo ya ukuta inahitaji tuisimamie kwa muda, kwa sababu hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anaweza kuelewa kinyume kabisa, na mara nyingine ni jambo la hatari.

Kiswahili hukanusha waziwazi. Ukuta umelegea, haupandiki. Nimechoka, siendi. Ile "ha-" au "si-" lazima isikike. Kiingereza, kikitumia "too" kisha "to" na kitenzi, humeza ukanushi. "I am too tired to go" haina "not" hata moja, lakini maana yake ni kwamba siendi. Mwanafunzi anayesoma neno kwa neno huona "kuchoka" na "kwenda", akadhani mtu amechoka na anakwenda hivyo hivyo.

Fikiria sasa karatasi ya dawa yenye maneno haya: "This medicine is too strong to give to small children." Maana yake ni usiwape watoto wadogo. Au tangazo bandarini: "The load is too heavy to lift by hand." Maana yake ni msiinue kwa mikono. Kila ukikutana na muundo huu, tia "ha-" kichwani mwako kabla hujaendelea na mstari unaofuata.

Kutokana na hilo, unapoandika wewe usiongeze "not". "The sack is too heavy not to lift" inageuza maana. Ukanushi umo tayari.

Ukitaka kutaja mtu anayeshindwa, mweke kwa "for" kabla ya kitenzi: "The tea is too hot for the child to drink." Ziangalie pia sehemu mbili ambako Kiswahili chetu huingilia.

Kwanza, kiambishi cha mtendwa. Sisi husema "gunia zito, siwezi kuliinua", na ile "li" ni ya lazima kwetu. Ndiyo maana watu huandika "The sack is too heavy to lift it". Kiingereza hapo hakitaki "it", kwa sababu gunia limeshatajwa mwanzoni. Andika "too heavy to lift", weka nukta. Lakini ukibadili muundo ukatumia "so" na "that", ile "it" inarudi: "The sack is so heavy that I can't lift it." Miundo yote miwili ni sahihi na maana ni moja. Ukiona wa kwanza unakuchanganya, tumia wa pili bila wasiwasi. Ukanushi wake uko wazi kama wa Kiswahili.

Pili, nafasi ya kivumishi. "A too small boat" haisemwi. Sema "The boat is too small". Katika maandishi rasmi utakutana na "too small a boat", yenye "a" katikati. Inatosha kuielewa ukiiona. Huna haja ya kuiandika.

Hatua ya tatu: "too much" na "too many"

Hapa hakuna mengi. Nomino inayohesabika huchukua "many", isiyohesabika huchukua "much". "Too many sacks", "too many people". "Too much rain", "too much salt", "too much noise". Kitenzi nacho hufuatwa na "too much": "He talks too much."

Kosa lililoenea ni kuweka "too much" mbele ya kivumishi. "Too much expensive", "too much far" na "too much hot" zote si sahihi. Toa "much" na sentensi itapona: "too expensive", "too far", "too hot".

Na neno la shukrani. "Asante sana" ni "thank you very much". "Thank you too much" haipo, hata kwa utani. Karibu sana vilevile ni "you are very welcome".

Hatua ya nne: pima umezidi kwa kiasi gani

"Very" haikai mbele ya "too". Hakuna "very too hot". Lakini mpaka unaweza kuvukwa kwa hatua moja au kwa maili, na Kiingereza kina maneno yake kwa hilo. Kwa kuzidi kidogo kuna "a little too", "a bit too" na "slightly too". Kwa kuzidi sana kuna "much too" na "far too", na katika mazungumzo ya kawaida "way too".

Anayeuza vinyago vya Kimakonde ayashike vizuri haya, kwa sababu mteja hutoa habari muhimu kupitia maneno hayo madogo. Mgeni akisema "It's very expensive", ametoa maoni tu, na huenda bado ananunua. Akisema "It's too expensive for me", amekuonyesha mpaka wa mfuko wake. Akisema "It's a bit too expensive", mpaka uko karibu, anataka mzungumze. Mwulize, "How much were you thinking?" Akisema "far too expensive", mwonyeshe kinyago kidogo kuliko hicho, maana kwa hiki hamtakutana. Kumbuka pia kwamba Waingereza wengi hutumia "a bit" kulainisha kauli, kwa hiyo "a bit too" kutoka kwao inaweza kubeba uzito zaidi ya inavyosikika.

Kwenye hospitali na vituo vya afya tofauti ni nyembamba lakini ina maana. Presha ikiwa "very high", umeeleza hali. Ikiwa "too high", umesema imevuka kiwango kinachoruhusu jambo fulani, kwa mfano "too high for surgery today". Muuguzi anayeandika taarifa kwa daktari mgeni achague kwa makusudi, na akiweza aandike namba zenyewe kando.

Hatua ya tano: ijue adabu inayovunja kanuni

Kuna misemo michache ambako "too" haina ubaya wowote. Usiifanyie hesabu, ishike kama ilivyo.

"You're too kind" ni shukrani ya heshima, karibu na pale tunapomwambia mtu "umejisumbua bure". "I'd be only too happy to help" maana yake nitafurahi sana kusaidia, na kinachoiokoa ni "only". "Not too bad" ni nzuri kiasi, kama tunavyojibu "si haba". "I'm not too sure" ni njia ya upole ya kusema sidhani.

Vijana wataleta pia "too cute" na "too funny" walizookota mitandaoni. Zipo kweli, hasa Marekani, na ni sifa. Marafiki waandikiane. Kwenye barua ya biashara, kwenye mtihani na mbele ya mgeni usiyemjua, naomba uziache.

Na kwa wapenzi: "I love you too" ni nakupenda pia, jibu zuri kabisa. "I love you too much" inasikika kama penzi limezidi hadi linakuumiza. Anayetaka kusema nakupenda sana aandike "I love you so much" au "very much".

Hatua ya sita: "too" yenye maana ya pia

Hii ni kazi ya pili ya neno hili, na unaitambua kwa mahali linapokaa. Kabla ya kivumishi, ni kupita kiasi. Mwishoni mwa sentensi, ni pia: "I am from Newala too." Sisi tunaweza kuanza na "pia", ndiyo maana watu huandika "Too, I am from Newala". Iweke mwisho.

Katika sentensi ya kukanusha hubadilika kuwa "either". "Mimi pia sielewi" ni "I don't understand either", wala si "I don't understand too".

Tahajia nayo ina historia. "To" na "too" zilikuwa neno moja katika Kiingereza cha kale, na ile yenye o mbili ilianza kuandikwa peke yake karne ya 16. Matamshi ya "too" na "two" ni sawasawa, kwa hiyo sikio halitakusaidia kuchagua herufi. Wanaoandika ujumbe haraka kwenye simu huandika "to hot", na programu ya simu mara nyingi huiacha ipite kwa sababu "to" ni neno halali.

Hatua ya saba: chukua ujumbe mmoja uusafishe

Hebu tuangalie ujumbe wa mtu wa korosho kwa mnunuzi wake, msimu ukiwa umeanza Oktoba:

"Good morning sir. Our cashews are too good this season. They are too dry and too clean. The quantity is too much. We are too happy to do business with you. Please do not wait too late."

Pita nao sentensi kwa sentensi. "Too good": nini kinashindikana? Hakuna, basi "very good". Tena mwingine atakumbuka msemo "too good to be true", yaani jambo zuri kiasi cha kutiliwa shaka, na shaka ndiyo usiyoitaka hapa. "Too dry" tumeshaiona. Badala yake andika "well dried", na kama unyevu umepimwa ghalani andika asilimia yenyewe. Mnunuzi wa korosho ghafi anaamini kipimo kuliko kielezi chochote. "Too clean" iwe "very clean". "The quantity is too much" inasema mzigo umewazidi nguvu, kumbe unataka kusema upo mwingi: "We have a large quantity."

Sentensi inayofuata ndiyo mbaya kuliko zote. "We are too happy to do business with you." Kumbuka ukanushi uliofichika katika hatua ya pili. Kwa muundo wake inasomeka: tumefurahi kupita kiasi, kwa hiyo hatuwezi kufanya biashara nawe. Andika "We would be very happy to do business with you."

Ya mwisho inabaki na "too", kwa sababu kweli kuna mpaka: akichelewa, mzigo utauzwa mnadani. Ila mtu husubiri muda, kwa hiyo ni "Please do not wait too long." Ujumbe ulioanza na "too" sita umebaki na moja, na hiyo moja sasa ina uzito.

Jizoeze na hizi za mitaani kwetu. Soma nusu ya pili ya kila sentensi kabla hujaamua, maana jibu huwa limekaa huko.

"Kazi ni ngumu sana, lakini nitaimaliza." Kama utaimaliza, hakuna kilichoshindikana: "The work is very hard, but I will finish it."

"Basi limejaa sana, tusubiri jingine." Halipandiki: "The bus is too full. Let's wait for another one."

"Mvua ilikuwa nyingi sana, ufuta ukaoza shambani." "There was too much rain, and the sesame rotted in the field."

"Samaki huyu mbichi sana, ametoka kuvuliwa sasa hivi." Muuzaji anasifu: "This fish is very fresh." Lakini ukiwa jikoni, samaki bado yuko juu ya moto, ukasema "bado mbichi sana", umesema haliki: "It is still too raw to eat." Neno la Kiswahili ni lile lile, "mbichi sana". Kwa Kiingereza yamebadilika yote mawili, kivumishi na kielezi chake.